Gari Halioshwi Kabla ya Safari

Nilisikia kwamba gari la Mzee Kombo lilifika Maskati likiwa bubu, nikakosa raha. Siku hizi gari hushika sauti ya dereva wake, na unyevu wa kontena la meli huifuta. Sauti ya marehemu mume wangu ilibaki kwenye gari lake la Pijo tu, na binti yetu Nasra, anayeishi huko Maskati, alitaka tumpelekee.

Shemeji yangu Makame akaja na ndoo ya maji. "Shemeji, msafiri haondoki na vumbi."

"Msafiri huyu haogi," nikamwambia. "Weka ndoo chini."

Nikalianika siku tatu milango wazi, nikatoa mazulia, nikapanga vikapu vya makaa makavu chini ya viti.

Baada ya wiki sita Nasra akapiga simu, anacheka huku analia. "Mama, limesema, 'Funga mkanda, bibie.'" Hata Makame alinipa mkono.

Kisha gari likamuuliza Nasra, "Mbona mama yako hajapanda?"

Basi mama wenzangu, msifanye haya:
Msilioshe kabla ya safari.
Msilifunike nailoni, litatoka jasho.
Msiache zulia bichi ndani.
Na msiliambie kwamba mwenyewe amekufa.