Taa Nyekundu Mlangoni kwa Tunu

Siku hizi bangili ya moyo ni sheria, hata kuoga unaoga nayo. Mume wangu Kibwana ndiyo kwanza anajifunza kukimbia, basi naitazama yake. Ikiwaka kijani tunakimbia. Ikiwaka nyekundu moyo umezidi mbio, tunatembea.

"Polepole, mume wangu. Ukishindwa kupiga soga, umezidisha."

"Nitapigaje soga, na wewe unanikimbiza kama kuku wa sikukuu!"

Tulicheka, tukatembea mpaka kijani ikarudi. Tukiwa bado tunatembea, tukampita Tunu, mtalaka wake, anachoma vitumbua barazani. Bangili ikawaka nyekundu.

"Kilima hiki," akasema.

Pale ni tambarare.

Laiti ningetazama barabara tu. Sasa tunapita njia nyingine, na taa yake ni kijani muda wote, hata nikimshika mkono.