Ruhusa ya Pasta

Pikipiki ilitoa mlio mmoja tu barabarani, pa! Merdi, kijana mwenye kifua cha kubebea magunia, tayari alikuwa chini ya kitanda. Akamvuta mama yake pia, kwa nguvu mpaka kiwiko cha mama kikateguka.

"Bamefika, Mama! Lala chini!"

Hakuna aliyefika. Vita waliikimbia kule Luvungi; hapa ni Rugenge, asubuhi kweupe, na jirani anakaanga maandazi yake. Lakini ukimwambia hivyo atasikia? Wapi!

Délice, muuguzi wa kituo cha afya, ndiye aliyemfunga mama huyo, Marie-Jeanne, bendeji.

"Mama, huu iko ugonjwa. Batu balioona mambo mabaya banaupataga. Dawa iko, na batu ba kuongea naye biko. Umulete leo."

Leo! Kama ingekuwa rahisi hivyo. Chumba wanacholala ni cha kanisa, unga wanaokula ni wa kanisa, na Pasta Donatien alishasema: pepo haliondoki kwa vidonge. Atakayempeleka mwanawe kule hana imani, na asiye na imani atafute kwingine pa kulala.

Na nani wa kubishana na Pasta Donatien? Mtu wa Mungu kwelikweli. Usiku halali, anazunguka uani akiomba mpaka kunakucha. Macho yake ni mekundu, na waumini wanamjivunia. Ngoma kanisani alizipiga marufuku, eti ni za dunia. Hata akihubiri, mlango haupi mgongo. "Anamungojea Yesu," wanasema, na makanisa mengine yanawaonea wivu.

Marie-Jeanne alifunga kula na kuomba siku baada ya siku. Merdi akazidi. Sasa mama alimwogopa mtoto aliyemzaa mwenyewe, na hilo lilimuuma kuliko mkono.

Akaenda nyumbani kwa pasta kuomba ruhusa kwa mara ya mwisho. Bella, mke wa pasta, akafungua mlango nusu.

"Pasta iko?"

"Iko mu maombi. Hataki mutu."

"Mama Pasta, unionee huruma." Machozi yalishamtoka. "Umuombe aniruhusu nimupeleke Merdi. Siku moja ataniua, na hata hatajua kama aliniua. Miye sina nguvu tena."

Bella aligeuka akatazama ndani. Alitoka kibarazani, akaurudisha mlango polepole usilie, kisha akalegeza kitambaa shingoni mwake. Alama za vidole zilikuwa bado mbichi.

"Umupeleke sasa hivi," alinong'ona. "Na ukifika, uniulizie Délice: hata bapasta banabapokeaga?"