Kutoka Kulia

Karatasi ya hospitali ilisema mguu wa kulia wa Maalim Shali ukatwe chini ya goti. Maalim aliipokea akiwa ameketi kwenye benchi, wanafunzi wake watatu wa chuo cha Kurani wamesimama kimya pembeni, kama wanavyosimama akisoma msahafu.

Nesi Mwanaidi alikuwa akimtazama macho. Yalianzia ukingo wa kulia, yakatambaa hadi kushoto, yakashuka, yakaanzia tena kulia. Na karatasi ilikuwa ya herufi za Kizungu, zinazoanzia kushoto.

"Maalim, nikusomee?"

"Unisomee mimi?" Wanafunzi wakacheka. "Nusu ya mji huu nimeisomesha mimi, mwanangu."

Akatia sahihi kwa herufi nzuri za Kiarabu.

"Lakini Maalim, huo mguu..."

"Mguu utapona, inshallah. Si mmeshaandika hapa?"

Nesi akawatazama wale wanafunzi, akaipokea karatasi. Wahudumu wakafika na kitanda cha magurudumu. Maalim akayaokota makubadhi yake sakafuni, akampa Nesi.

"Niwekee yote mawili. Nitayavaa nikitoka."

La kulia lilikuwa limetoka kushonwa upya.