Jina la Ng'ambo ya Mto

Bibi kizee aliuliza swali kwa lugha ya ng'ambo ya mto, na kidole cha fundi miwani kikajibu kabla mwenyewe hajakizuia.

"Nitazame wapi, huku au kule?" ndivyo alivyouliza, akiwa ameketi kwenye kiti cha kupimia macho. Fundi akaonyesha ukutani. Alipotanabahi, maji yalikwisha kumwagika. Bibi alimkazia yale macho yake yenye ukungu, akatabasamu, akashusha sauti.

"Kumbe wewe ni wetu. Nani alikupa jina, mwanangu?"

"Sikuelewi, bibi!" Fundi alipaza sauti kwa lugha ya mjini, hata mkewe akatoka chumba cha nyuma, mkono mmoja umeshika tumbo lililokuwa karibu kushuka. "Sikuelewi! Nafunga duka. Rudi siku nyingine na mtu wa kukutafsiria."

Nje, asubuhi ilikuwa bado mbichi. Bibi alishuka kitini taratibu, akapapasa njia yake hadi mlangoni. Pale akageuka, akawaambia maneno machache, kisha akaenda zake.

"Anasema nini?" mkewe aliuliza.

"Nitajuaje mimi?"

Alikuwa amesema: hata ukilifukia, jina lako halitaoza.

Mkewe alichukua kitambaa na sabuni, akakisugua kile kiti kwa nguvu, bila kuinua macho. "Watu hawa!" alisema. "Wakikaa mahali, moshi wa kuni unabaki wiki nzima." Fundi akacheka. Alicheka kama alivyozoea, meno nje, moyo umefungwa komeo.

Kwa watu wa ng'ambo ya mto, jina ni sentensi nzima. Yeye alipozaliwa, bibi yake alimpa maneno yenye maana ya "Huyu ndiye atakayetuzika." La baba yake lilimaanisha "Tumekuja kwa Heri." Mwaka ule wa vurugu, watu wenye silaha waliweka vizuizi barabarani, wakawa wanauliza wapita njia majina. Baba yake alilitaja la kwake lote, wazi, bila kugugumiza, maana ndivyo alivyofundishwa na wazee. Hakurudi nyumbani.

Mtoto akavuka mto, akajipachika jina la mjini, fupi, jepesi kama kifungo cha shati. Halikuwa na maana yoyote, na hiyo ndiyo iliyokuwa faida yake.

Mkewe alikuwa mtoto wa mjini hasa, kuanzia kisigino cha kiatu hadi matamshi. Alikuwa yatima kama yeye. Shangazi aliyemlea alifariki kabla hawajajuana. Siku ya harusi hakukuwa na mkwe hata mmoja, wa kuumeni wala wa kukeni, na marafiki wakawatania kwamba wameokota dodo.

Jioni ya siku ile ya bibi kizee, wakiwa mezani, fundi alijaribu.

"Mke wangu, unaonaje mtoto tukimpa jina lenye maana kidogo?"

Mkewe aliacha kutafuna. "Maana ya nini? Kama hao wa ng'ambo? Mama anamwita mtoto aje kula, hadi amalize kulitaja jina lote, chakula kimepoa!"

Wakacheka. Fundi alicheka kumpita. Lakini tangu hapo akaanza kumchukia mkewe, kidogo kidogo, chini kwa chini, kama unyevu unavyokula ukuta. Alikuwa akimtazama anavyochana nywele mbele ya kioo na kujiambia: siku ukinijua, mama, utanisugua mimi kama ulivyosugua kile kiti.

Uchungu ulipoanza, mtoto aligoma kutoka. Madaktari wakaamua kumpasua mama. Fundi akabaki kwenye benchi la korido, hakai akakalika, hasimami akasimamika, mpaka muuguzi alipotokea na furushi dogo jeupe.

"Hongera, baba. Binti."

Alikuwa na paji la uso la bibi yake fundi, pana, lililokunjamana katikati kama mtu anayekumbuka jambo.

"Anaitwa nani?" muuguzi aliuliza, kalamu tayari.

Fundi alifungua mdomo. Jina la bibi yake lilipanda lote hadi kwenye ncha ya ulimi, jina lenye maana ya "Sasa Tumefika Nyumbani." Kisha akamwona baba yake barabarani, kifua mbele, akijitambulisha. Akalimeza. Badala yake akataja jina la mjini, silabi mbili tu. Muuguzi akaliandika kwenye utepe, akaufunga kwenye kile kifundo cha mkono kilichokuwa chembamba kama kidole.

"Mbona machozi, baba? Furaha, eh?"

"Furaha," alisema fundi.

"Haya, mshike mtoto, twende ukamwone mama yake. Ila usishtuke. Dawa ya usingizi haijamtoka, na wengi wakiwa hivyo huropoka. Huyu wako tangu atoke chumba cha upasuaji anaongea, na hatuambulii hata neno."

Fundi alimfuata hadi wodini, amembana mtoto kifuani. Mkewe alikuwa amefumba macho, midomo imemkauka, akisema jambo lilelile tena na tena kwa sauti ya kitoto, sauti ya kubembeleza. Fundi akainama amsikilize.

"Mama," alikuwa akisema, kwa lugha ya ng'ambo ya mto, "usiniite kwa jina langu. Mume wangu atasikia."