Kanga ya Dirishani

Hita ya gesi ilizimika tena, na mumewe Otilia akatoka nje kwenye theluji kwenda kubadilisha mtungi. "Huu wa mwisho nao ukigoma," alisema, "tunarudi Toronto."

Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bukoba juzijuzi na kuomba mwenyewe kuletwa kwenye kibanda hiki cha msituni, alijikunyata ndani ya mablanketi mawili. "Mimi sirudi. Ziwa lenyewe la barafu sijalikanyaga!"

Otilia akacheka, akageukia dirisha. Hapo akaiona kanga yake.

Walipofika tu aliishindilia kwenye upenyo kwa mikono yake, akishangaa watu gani hao wanaoacha dirisha wazi kwenye baridi kama hii. Sasa maneno ya mwenye kibanda yakamrudia: huo upenyo wa vidole viwili msiuzibe, hita ikikosa hewa inajizima yenyewe.

Akaivuta. Ilikuwa imekakamaa kwa barafu kama samaki mkavu. Baridi ikaingia, ikamng'ata shingo.

"Mwanangu, tufungue dirisha ndipo tupate joto?"

"Ndiyo, mama."

"Haya, jaribu!" mumewe akaita kutoka nje.

Otilia akabonyeza kitufe. Moto ukashika, ukawa mwekundu, na mara hii haukuzimika.

Mumewe akaingia, ndevu nyeupe kwa theluji, kifua mbele. "Si niliwaambia? Mtungi!"

Otilia akafumbua mdomo. Mama mkwe akamnyang'anya kanga.

"Hongera, fundi wangu," akamwambia mwanawe, akaikalia na barafu yake yote bila hata kukunja uso.