Sinia la Watu Wawili

Tangu bangili za kielektroniki zianze kumpimia kila mtu mlo wake, Mwanaidi hakuwahi kula sahani moja na mumewe. Ndoa yao ilipotimiza miaka sita, Mbaruku alimpeleka kwenye mgahawa wa wajasiri, ambako kwenye kila meza bangili zilikuwa zikilia. Mwanaidi akadhani zimeharibika.

Likaletwa sinia moja la pilau.

"Changu kiko wapi?" akauliza.

"Hili ni letu, mke wangu. Nawa tu."

Wakala kwa woga, kila mmoja akichunga mpaka wake. Mbaruku akakutana na mnofu mnono, akausogeza upande wa mkewe. Mwanaidi akautia kinywani, na bangili yake ikalia: hiki si chako.

Akatafuna taratibu. Kisha naye akachagua kipande kizuri, akamsogezea mumewe, akasubiri bangili ya mumewe ilie.