Mwenye Raba za Mtandaoni

Bridgit alikimbia hadi kwa muuza mahindi na kurudi, amevaa raba mpya ambazo hakuwa amelipia. Khaemba, mwenye duka, alikuwa akimwangalia miguu tu. Akambadilishia jozi, akamkimbiza tena, mpaka akaona mguu unatua vizuri.

"Hizi ndizo zako," akamwambia.

Bridgit akazipiga picha, akashukuru, akaenda zake. Wiki iliyofuata alipita mbele ya duka hilo hilo, pale Kawangware, akiwa amezivaa. Alikuwa amezinunua kwa simu, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeuza kwa bei ya chini.

Hakuwa wa kwanza. Khaemba alikuwa amechoka kuwapima watu miguu ili wakanunue kwingine. Mkewe, Jentrix, aliwahi kumshauri naye auze mtandaoni. Siku hiyo alimfokea hadi ploti nzima walikopanga chumba, kule Kianda, Kibera, ikasikia: anayeuza kiatu bila kuuona mguu ni mwizi, na nyumbani kwake mwizi hatalala. Jentrix hakulitaja tena. Baadaye alisema amepata kazi ya kufua nguo Kilimani, na mwezi ukiwa mbaya ndiye aliyelipa kodi ya duka.

Sasa Khaemba alitaka kumwona huyo muuzaji uso kwa uso. Akaagiza raba kwake kwa simu ya rafiki. Derrick, mtu wa boda, alipozileta, Khaemba akadai zinambana na lazima zirudishwe. Kisha akapanda nyuma ya pikipiki.

"Nipeleke kwa mwenyewe."

Derrick alisita. Bosi wake hakutaka wateja wajue anakokaa. Lakini Khaemba hakushuka, na mwishowe wakaondoka.

Njiani alipanga maneno yake. Angemwuliza huyo mtu kama anajua uchungu wa kushinda dukani siku nzima na kurudi nyumbani mikono mitupu. Walipoingia Kibera hasira ikampanda zaidi. Kumbe adui alikuwa jirani.

Walipita Olympic, wakateremka Kianda, wakaingia ploti yake mwenyewe. Derrick aliupita mlango wa Khaemba, akabisha ule wa mwisho.

Jentrix akafungua, seloteipu mkononi, maboksi ya raba yamepangwa nyuma yake hadi kwenye mabati.



"Kodi ya duka lako," Jentrix akasema, "ulidhani nilikuwa naitoa kwa kufua?"